Mali ya Namna Moja: Bagamoyo, Maskati na Somo la Maji Kupwa

Ghuba ya Bagamoyo haina kina. Maji yajaapo, majahazi huelea karibu na nyumba za mji; yapwapo, bahari hurudi nyuma mbali, na chombo kilichokuwa kikicheza juu ya mawimbi asubuhi huonekana adhuhuri kimelala ubavu juu ya mchanga. Wenyeji wa pwani hawastaajabu kwa jambo hili, kwani wamelizoea tangu utoto wao, nao wana neno lao la kulieleza: maji yakijaa hupwa. Lakini neno hilo, ambalo kila nahodha hulishika katika kazi ya kupakia na kupakua, halikushikwa vema katika kazi ya kupanga mali ya miji na mataifa. Bagamoyo yenyewe ilijaa, ikapwa. Unguja ilijaa kwa karafuu, ikapwa. Maskati, iliyotawala pwani hii, ilipwa kwa miaka mia hata ilipofunuliwa mafuta chini ya jangwa. Na tangu hapo imekuwa ikijiuliza itafanya nini siku mafuta nayo yatakapopwa. Habari za miji hii ni habari moja, nayo yafaa isimuliwe pamoja.

Katika karne ya kumi na tisa Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara. Misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji ilishuka hapa, na mbele ya mji kuna Unguja, mwendo mfupi wa jahazi. Burton na Speke walianza safari yao ya maziwa katika sehemu hizi mwaka wa 1857. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka wa 1871. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga hapa mwaka wa 1868, na mwili wa Livingstone uliletwa kwao mwezi wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na Uingereza. Majina ya wageni hawa yameandikwa katika vitabu vingi. Waliofanya mji uwe mji, hata hivyo, walikuwa maelfu ya wapagazi waliobeba pembe za ndovu mabegani mwao kwa miezi mitatu au zaidi, na maelfu ya watumwa walioletwa kwa nguvu, ambao jasho lao halikulipwa na majina yao hayakuandikwa. Haistahili kuusifu utajiri wa Bagamoyo bila kuitaja dhuluma hii.

Bidhaa tatu zilishika mizani ya pwani ya Mrima. Ya kwanza ilikuwa pembe, zilizokwenda India, Ulaya na Marekani kuwa vifungo, mipira ya biliadi na vibao vya piano. Ya pili ilikuwa watumwa, mpaka Seyyid Barghash alipotia sahihi mwaka wa 1873 mkataba wa kukomesha biashara hiyo baharini na kufunga soko la Unguja. Ya tatu ilikuwa sandarusi, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe ndani ya ardhi kwa muda mrefu usiohesabika, ukachimbwa na watu wa pwani na kupelekwa hata Salem katika Marekani kufanywa vanishi. Hivyo watu wa Mrima walikwisha jua, zamani kabla ya kisima cha kwanza cha mafuta kuchimbwa katika Uarabuni, maana ya kuishi kwa kitu kilichotunzwa na ardhi, ambacho kikiisha kuchimbwa hakioti tena.

Aliyeingia Bagamoyo katika miaka ya 1880 angeweza kusema kwamba mji ule ulikuwa na kazi nyingi. Walikuwapo wapagazi na viongozi wa misafara, wauza nguo na shanga, wafanya biashara wa Kihindi waliokopesha mitaji, wapika vyakula, wajenzi wa nyumba za mawe, mabaharia na mafundi wa majahazi. Mmoja katika wafanya biashara wale, Sewa Haji Paroo, alipata mali iliyomwezesha kutoa nyumba za shule na hospitali kwa faida ya watu wote. Lakini kazi hizo zote, ingawa zilikuwa na majina mbalimbali, zilining'inia katika kamba moja. Mkopeshaji alikopesha kwa tumaini la pembe. Mpishi alipika kwa sababu ya mpagazi. Fundi wa nyumba alilipwa na tajiri wa msafara. Kamba ile ilipokatika, haikuanguka kazi moja, zilianguka zote.

Kamba haikukatwa na mkono mmoja wala kwa siku moja. Kwanza ndovu walizidi kusogea bara kadiri walivyowindwa, hata wawindaji wakalazimika kuvuka Tanganyika na kuingia Manyema, na kila pembe ikawa na gharama kubwa kuliko ile iliyotangulia. Kisha ikaja vita. Kampuni ya Kijerumani ilipochukua forodha za pwani mwaka wa 1888, watu wa Mrima walisimama chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Vita vikaharibu miji na mashamba, na Abushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka wa 1891 makao makuu ya serikali ya Kijerumani yalihamishiwa Dar es Salaam, kwa kuwa bandari ile ina kina ambacho Bagamoyo haina. Katika miaka ya 1892 mpaka 1894 majeshi ya Dola ya Kongo yaliwashinda wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokuwa huko, na pembe za Manyema zikageuzwa njia, zikashuka mto Kongo kwenda bahari ya magharibi. Mwaka wa 1901 reli ya Mombasa ilifika ziwa Nyanza. Mwisho reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka wa 1905 ilifika Morogoro mwaka wa 1907, Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914. Mzigo uliochukua miezi mitatu begani sasa ulichukua siku chache juu ya chuma, na chuma hakikupita Bagamoyo.

Wajerumani walijenga boma na nyumba ya forodha katika mji huu katika miaka ile ile ambayo biashara yake ilikuwa ikiuaga. Ni jambo la kuzingatiwa sana. Majengo mazuri si ushahidi wa uchumi wenye afya. Mara nyingi hujengwa kwa faida ya jana, na kuta zake hukamilika wakati mgeni aliyetarajiwa kuingia ameshika njia nyingine.

Ng'ambo ya pili ya mkono wa bahari, Seyyid Said bin Sultan alikuwa amefanya jambo lililoonekana kuwa na busara zaidi. Aliona kwamba biashara ya kupita haitoshi, akahimiza kilimo cha karafuu katika Unguja na Pemba. Ile ilikuwa hatua ya kweli ya kupanua njia za riziki, kwani mti huzaa kila msimu na ndovu huuawa mara moja. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa, na mti uliopandwa ulikuwa wa namna moja. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba, iliyosalimika kwa sehemu kubwa, ikashika nafasi ya kwanza katika zao hilo. Visiwa viliponea kwa sababu miti ilipandwa mahali pawili. Lakini zao lilibaki lile lile, na somo la tufani likasahauliwa. Miaka mia na zaidi baadaye, katika miaka ya 1980, Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilifikia kujitosheleza kwa karafuu za mashamba yake, na bei ikaporomoka. Safari hii hakuna mti uliong'oka. Miti ilisimama imejaa matunda, na mashamba mazima yakawa hayana thamani. Kupanda zao moja mahali pawili ni kinga ya upepo, si kinga ya soko.

Seyyid Said alifariki mwaka wa 1856, na dola yake ikagawanyika baina ya wanawe. Mwaka wa 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza katika India, aliamua kwamba Unguja na Maskati ziwe mbalimbali, na Unguja, kwa kuwa ilikuwa tajiri zaidi, iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Baadaye mzigo wa malipo hayo ulichukuliwa na serikali ya Kiingereza ya India. Basi Maskati, iliyokuwa imetuma manahodha wake pande zote za bahari ya Hindi, ikawa inaishi kwa sehemu kwa fungu la mwaka lililotoka mfukoni mwa mwingine. Meli za moshi zilinyang'anya majahazi kazi; vijana wa Omani wakavuka kuja kutafuta maisha Unguja, Pemba na bara. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ukweli wa methali hii ulionekana Maskati kwa muda wa zaidi ya nusu karne.

Miji mingine ya Ghuba ilikuwa na mali yake ya namna moja, nayo ni lulu. Katika Bahrain, Kuwait na pwani ya Dubai watu walipiga mbizi kila kiangazi, wakazama kwa pumzi moja kutafuta chaza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo mawili yalikutana: lulu zilizofugwa na Wajapani, na mtikisiko wa biashara ya dunia ulioanza mwaka wa 1929. Soko la lulu za Ghuba likafa. Watu wa huko wangepata dhiki ndefu lau kama mafuta yasingeonekana Bahrain mwaka wa 1932, na Kuwait na Saudia mwaka wa 1938. Mafuta yaliwaokoa, lakini yaliwaokoa kwa namna ya kuwatoa katika utegemezi mmoja na kuwatia katika mwingine. Chaza alibadilishwa kwa kisima, na mfuko ukabaki mmoja.

Omani ilichelewa. Mafuta ya kutosha biashara yalipatikana Yibal mwaka wa 1962, na shehena ya kwanza iliuzwa nje mwaka wa 1967. Sultani Qaboos bin Said aliposhika utawala mwezi wa Julai 1970 nchi ilikuwa na shule tatu, na barabara ya lami isiyozidi kilomita kumi hivi. Serikali mpya ilihitaji waalimu, wauguzi, makarani na wahandisi, nao hawakuwapo nchini. Walikuwapo, lakini, watu wa asili ya Omani waliozaliwa na kusomeshwa Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa wametawanyika baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwezi wa Januari 1964. Wakaitwa, wakaenda, wakaingia katika ofisi, viwanda vya mafuta na majeshi. Ndiyo sababu Kiswahili husikika Maskati hata leo. Babu alivuka kusini kufuata karafuu. Mjukuu akarudi kaskazini kufuata mafuta. Wote wawili walikuwa wakifuata maji yaliyojaa.

Wenye mamlaka katika Omani hawakuwa wapumbavu. Walijua kwamba akiba yao ya mafuta ni ndogo kuliko ya jirani zao, na ya kuchimbwa kwa shida. Mwaka wa 1980 walianzisha mfuko wa akiba ya taifa. Mwaka wa 1995 walitangaza mpango wa maendeleo mpaka mwaka wa 2020, wenye shabaha ya kushusha fungu la mafuta katika pato la taifa kutoka kiasi cha asilimia 41 hata asilimia 9. Gesi iligandishwa ikaanza kuuzwa nje mwaka wa 2000 kutoka Qalhat karibu na Sur. Bandari ya Sohar ikajengwa pamoja na viwanda vyake. Duqm, kijiji cha wavuvi katika bahari ya Hindi, kikapewa bandari na kiwanda cha kusafisha mafuta chenye uwezo wa mapipa 230,000 kwa siku, kilichozinduliwa mwaka wa 2024. Mwaka wa 2022 mitambo ya umeme wa jua huko Ibri, yenye nguvu ya megawati 500, ilifunguliwa rasmi. Na mwaka huo huo ikaundwa kampuni ya serikali ya kusimamia utengenezaji wa hidrojeni kwa nguvu za jua na upepo.

Haya yote ni matendo, si maneno. Hata hivyo, mwaka wa 2020 ulipofika shabaha ya asilimia 9 ilikuwa mbali, na hazina ya serikali ilikuwa bado ikipata sehemu iliyo kubwa ya mapato yake katika mafuta na gesi. Sababu yake inafanana na ile ya Bagamoyo. Kazi nyingi zilizoitwa mpya zilining'inia katika kamba ya zamani. Mjenzi alijenga kwa fedha ya serikali, na fedha ya serikali ilitoka kisimani. Benki ilikopesha mjenzi. Duka lilimwuzia karani wa serikali. Gesi ni ndugu wa mafuta, na kiwanda cha kusafisha mafuta ni mtoto wake. Hata jua lenyewe lilitiwa utumishini mwa kisima: huko Amal, kuanzia mwaka wa 2017, vioo vilitumika kuchemsha maji yawe mvuke wa kulegeza mafuta mazito yapate kutoka. Bei ya pipa ilipoanguka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya mwaka wa 2014 hata chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka wa 2016, karibu kila mlango wa nchi ulitikisika kwa pamoja.

Dubai husifiwa kuwa imefaulu zaidi, na sifa hiyo si ya bure. Mafuta yake yalionekana mwaka wa 1966, yakajulikana mapema kuwa ni haba. Kwa hiyo bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka wa 1979, na biashara ya meli, ndege na wageni ikashika nafasi ya kisima. Uhaba uliwafundisha haraka kuliko wingi ulivyowafundisha wenzao. Lakini madeni ya majengo yalipoilemea Dubai mwaka wa 2009, mkono uliomwinua ulikuwa wa Abu Dhabi, nao ulitoa dola bilioni 10. Na mali ya Abu Dhabi ni mafuta. Tawi lilikuwa limenawiri sana, lakini siku ya dhoruba lilijikuta bado limeegemea shina.

Kutoka katika habari hizi yaweza kutolewa kipimo kimoja. Ziko namna tatu za kupanua uchumi. Ya kwanza ni kufanya kazi ile ile mahali pengi, kama mikarafuu ya Unguja na Pemba. Ya pili ni kufanya kazi nyingi zinazolishwa na mali moja, kama ufundi na upishi wa Bagamoyo ya misafara. Ya tatu ni kuwa na mlango wa pili ambao hubaki wazi siku ule wa kwanza ufungwapo. Namna mbili za kwanza hupendeza katika hesabu za miaka ya neema, na ni rahisi kuzidhania kuwa ndiyo ya tatu. Hutofautika siku ya shida tu, na siku hiyo ni kuchelewa.

Katika karne hii mali ya mafuta ilirudi kubisha hodi Bagamoyo. Mwezi wa Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China katika Dar es Salaam, ilitiwa sahihi ahadi ya kujenga bandari kubwa Mbegani, kusini kidogo ya mji, pamoja na eneo la viwanda. Gharama zake zilitajwa kuwa dola bilioni 10. Kampuni ya China Merchants iliungwa mkono na mfuko wa akiba ya taifa wa Omani, ule ule wa mwaka wa 1980. Kwa Omani hiyo ilikuwa njia ya kugeuza mafuta kuwa gati. Kwa Bagamoyo ilikuwa ahadi ya kurudishiwa bahari iliyopwa mwaka wa 1891. Mashamba ya watu yalithaminiwa kwa ajili ya fidia, na Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi mwezi wa Oktoba 2015. Lakini mwaka wa 2019 Rais John Magufuli aliyakataa hadharani masharti ya wawekezaji, miongoni mwake ukodishaji wa miaka 99, na shauri likasimama. Mwaka wa 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Miaka kumi ilitimia tangu ahadi ya kwanza bila meli hata moja kufunga kamba katika gati la Mbegani.

Watu wengi hubishana kama ilikuwa hekima au kosa kusimamisha shauri lile. Iko hoja katika kila upande: nchi isiyo na bandari ya kutosha hupoteza, na nchi iliyofungwa kwa mkataba mbaya hupoteza vilevile. Lakini Bagamoyo ina haki ya kuuliza swali lililo mbele ya hayo mawili. Je, bandari hiyo ingekuwa mlango wa pili, au ingekuwa kamba moja mpya ya kuning'iniza kila kitu? Mji ambao umewahi kuachwa na msafara, mji mkuu na reli, wote katika kizazi kimoja, hauwezi kulaumiwa ukiuliza hivyo.

Wakati mashauri makubwa yakisubiriwa, mji haukufa. Katika mashamba ya chumvi ya pwani maji ya bahari yaliendelea kukaushwa na jua. Wavuvi waliendelea kushusha samaki palepale palipotua pembe. Wanawake wa Mlingotini walilima mwani. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka wa 1981 kiliwafundisha vijana ngoma, uchongaji na maigizo. Wageni walikuja kuona magofu ya Kaole. Na upande wa bara miwa ilipandwa, na kiwanda cha sukari kikajengwa. Hakuna hata moja katika kazi hizi inayoweza kumpa mtu utajiri wa Sewa Haji. Lakini hakuna hata mbili kati yake zinazoning'inia katika kamba moja: chumvi haiulizi habari za mwani, na mwanafunzi wa ngoma hangoji bei ya sukari. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee. Na Omani nayo imeuona ukweli huo, kwani mifereji yake ya kale ya kunywesha mitende, waiitayo falaji, ilikuwako kabla ya mafuta, na mingine ingali inatiririka.

Swali hili si la Bagamoyo peke yake. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka wa 1974, imekuwa ikiletwa Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka wa 2004, na gesi ya Mtwara tangu mwaka wa 2015. Chini ya bahari ya kusini imeonekana gesi nyingi zaidi, hata hesabu za serikali zikafika futi za ujazo trilioni 57 na zaidi, na mwezi wa Juni 2022 yalitiwa sahihi makubaliano ya awali ya kujenga kiwanda cha kuigandisha katika Lindi. Tanzania bado ina bahati ambayo Maskati na Unguja hazikuwa nayo, nayo ni kuyaona ya wengine kabla ya kupatwa nayo. Mashamba, mito ya umeme, bandari na viwanda vyake vilitangulia gesi. Vikitunzwa, gesi itakuwa mlango mmoja katika milango. Vikidharauliwa kwa ajili ya fedha nyepesi, itakuwa kamba.

Nahodha wa Bagamoyo hashindani na maji kupwa, wala hayalaumu. Hupakua shehena yake mapema, hukiegesha chombo palipo laini, na wakati bahari iko mbali huziba nyufa za jahazi lake kwa kalafati. Wakati wa kuziba nyufa ni huo, chombo kikiwa kikavu. Na wakati wa kujiwekea zana za kuzibia ni ule wa maji kujaa, fedha ikiwa mkononi. Mataifa yaliyo na mafuta yalijaliwa maji ya kujaa kwa muda mrefu, na yale yanayongoja gesi huenda yakajaliwa. Mji uliolala kimya juu ya ukingo wa mchanga, pamoja na boma lake na forodha yake isiyo na shehena, umekwisha toa ushahidi wake kwa wote wawili.